Sufuria Iliyozaa: Mhadhara juu ya Kuliwa na Kunyamaza

 

Naanza na hadithi ambayo wengi wenu mliisikia kabla hamjajua kusoma. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake. Baada ya siku chache akairudisha, na ndani yake ameweka kisufuria kidogo. Jirani akauliza, na hiki je? Abunuwasi akamjibu kwamba sufuria ilikuwa na mimba, imejifungua kwake. Jirani akapokea mama na mtoto, akashukuru, akaingia ndani. Abunuwasi akaja kuazima tena, akapewa kwa furaha. Safari hii siku zikapita, sufuria haionekani. Jirani alipomfuata akapewa pole: sufuria yako imefariki. Jirani akapiga kelele, akaenda kushtaki, na huko akaulizwa: uliyekubali kwamba sufuria huzaa, unakataaje kwamba hufa?

Utotoni tulicheka, na tuliyemcheka ni jirani. Mimi nimekaa na hadithi hii miaka mingi, na sasa namtazama mtu yule kwa jicho jingine. Je, hakujua kwamba sufuria haizai? Alikuwa nayo jikoni mwake miaka yote, akipikia, akiisugua kwa mchanga na majivu, na haijawahi kuzaa hata kifuniko. Alijua. Pale mlangoni, kisufuria kikiwa mkononi mwake, alijua kila kitu alichopaswa kujua. Hakuuliza swali la pili kwa sababu jibu lake lingemlazimu kukirudisha kile kisufuria.

Tunayo methali inayosema wajinga ndio waliwao. Tunaitumia kila siku. Mtu ameibiwa kwenye simu, tunasema wajinga ndio waliwao. Mama ameuziwa kiwanja ambacho watu watano wengine wameshauziwa, tunasema vilevile. Kijana wa kutoka kijijini amechezeshwa karata tatu pale stendi, nauli imekwisha, tunasema ameingizwa mjini na tunacheka. Jioni hii nataka kuipinga methali hiyo. Naiheshimu hekima ya wazee, lakini hii inatudhuru kwa namna mbili. Kwanza inamwambia anayejiona mwerevu kwamba yeye yuko salama. Pili inamwambia aliyeliwa kwamba amejulikana kuwa mjinga, kwa hiyo afunge mdomo.

Hilo la kwanza halihitaji maneno mengi. Isaac Newton, aliyetuonyesha kwamba nguvu inayoangusha tunda ndiyo inayoushika mwezi katika njia yake, alikuwa pia mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Uingereza. Fedha ilikuwa kazi yake. Mwaka 1720 hisa za kampuni iliyoitwa South Sea zilianza mwaka zikiwa karibu pauni 128 kila moja, na kufikia kiangazi zilikaribia pauni 1,000. Newton alinunua mapema, akauza mapema, akapata faida nzuri. Angeishia hapo tusingekuwa na la kusema. Lakini bei iliendelea kupanda, na watu aliowafahamu wakaendelea kutajirika mbele ya macho yake. Akarudi kununua bei ikiwa juu. Kufikia mwisho wa mwaka hisa zilikuwa zimerudi karibu pale zilipoanzia, na hasara yake hukadiriwa kufika pauni 20,000, fedha ambayo wakati ule ilikuwa utajiri wa ukoo mzima. Kama kuliwa ni kwa wajinga, basi tumtafutie Newton darasa la kukaa.

Hakukosa hesabu. Alishindwa kuvumilia kuona wengine wakivuna naye amekaa pembeni, na hilo nawaomba mlishike, kwa maana ndilo linalowakuta watu wengi zaidi kuliko tamaa. Ukimsikiliza mtu aliyepoteza akiba yake akieleza jinsi alivyoingia, mara chache atakwambia, nilitaka kuwa tajiri. Atakwambia, fulani alikuwa ameshapata. Fulani huyo ni shangazi, mwalimu mwenzake, mtu wa kwaya yao, jirani aliyemaliza kupaua nyumba ghafla. Binadamu hupima ukweli wa jambo kwa kuangalia nani mwingine amelikubali, na kwa kawaida njia hiyo si mbaya. Ndivyo tunavyojua kisima kipi kina maji safi na daktari yupi ana mkono mzuri. Tapeli anaijua njia hiyo, na anasimama katikati yake.

Mtazameni Charles Ponzi, Mwitaliano aliyehamia Marekani. Mwanzoni mwa 1920, mjini Boston, alitangaza kwamba atakayempa fedha atapata faida ya asilimia 50 katika siku 45. Maelezo yake yalisikika ya kitaalamu. Kulikuwa na kuponi za posta ambazo mtu aliweza kuzinunua katika nchi moja na kuzibadilisha kwa stempu katika nchi nyingine, na kwa kuwa fedha za Ulaya zilikuwa zimeporomoka baada ya vita, kuponi ya Italia ilinunuliwa kwa bei ndogo na thamani yake Marekani ilikuwa kubwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, kwamba yeye anaifanya biashara hiyo. Alichofanya ni kuchukua fedha za waliokuja mwezi wa pili akawalipa waliokuja mwezi wa kwanza.

Mtu wa kwanza kulipwa akatoka nje akiwa na noti mkononi. Hapo Ponzi hakuhitaji tena kutangaza. Walimiminika wahamiaji wenzake, makarani, wajane, na askari polisi wa Boston wenyewe. Wengi walipofika kuchukua faida yao waliiacha palepale izae tena. Kilele chake kilikuja Julai. Mchambuzi wa mambo ya fedha, Clarence Barron, alionyesha gazetini kwamba biashara ile ingehitaji kuponi milioni 160, na zilizokuwa zinazunguka duniani kote zilikuwa kama 27,000. Hesabu ya mtoto wa shule. Watu wakakusanyika mlangoni kwa hofu. Ponzi akatoka nje, akapita kati yao akiwa mchangamfu, akawagawia kahawa na maandazi, akaanza kulipa kila aliyetaka chake. Wengi wakatulia. Wapo waliorudi nyumbani bila kudai, wameridhika kwamba mtu mwenye wasiwasi hawezi kugawa maandazi. Tarehe 12 Agosti alikamatwa.

Namba ya Barron ilikuwa imechapishwa, kila mwenye macho aliweza kuisoma, na ikashindwa na kikombe cha kahawa. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ya jambo hili ni elimu ya hesabu peke yake, ingawa hesabu ni nyepesi. Chukua mchezo ambao kila anayeingia lazima alete wawili. Wawili wanaleta wanne, wanne wanane. Ukifika ngazi ya 26 unahitaji watu 67,108,864 wapya. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, pamoja na watoto waliozaliwa wiki ile na wazee wasioweza kutoka kitandani. Mchezo wowote wa namna hiyo umeshakufa siku unapoanzishwa. Swali pekee ni nani atakayekuwa anaishika sufuria siku ya msiba.

Sasa turudi nyumbani. Hakuna hapa asiyejua upatu wa kweli. Mama zetu wamesomesha watoto kwa mchezo wa kila wiki. Wanawake kumi wanatoa elfu kumi kumi, kijumbe anakusanya, leo anapokea huyu, wiki ijayo yule. Kinachotoka ni kilekile kilichoingia, haipo shilingi inayozaliwa. Kinachoufanya uende ni kufahamiana: nisipotoa leo, kesho nitakutana na wewe kisimani. Ni mojawapo ya vitu safi kabisa ambavyo watu maskini wamejitengenezea bila kusaidiwa na mtu. Na ni jina hilohilo, upatu, ambalo matapeli wamelichukua wakalichafua, mpaka sasa sheria inapoandika upatu tunaelewa jinai.

Wale wanaokumbuka miaka ya 2007 hadi 2009 wanakumbuka upatu wa DECI. Malaki ya Watanzania waliingia. Sikilizeni maneno yaliyotumika: fedha uliyoweka iliitwa mbegu, kuweka kuliitwa kupanda, kuchukua kuliitwa kuvuna. Viongozi wake kadhaa walikuwa wachungaji. Mtu aliyelelewa shambani na kanisani angepata wapi neno la kupinga? Mbegu huzaa, hilo amelishuhudia kwa macho yake tangu utoto. Kupanda na kuvuna amekusikia madhabahuni. Fedha ilivishwa nguo za mahindi, ikaingia vijijini na mijini bila kuulizwa kitambulisho. Serikali ilipoifunga mwaka 2009, wapo wanachama walioikasirikia serikali. Waliona kwamba mavuno yao yalikuwa njiani na mtu amekuja kulikata shamba likiwa bichi. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi, na hata baada ya hapo nimekaa na watu wanaosema kwa dhati kwamba isingeingiliwa, ingelipa.

Siwacheki. Urusi walifika mbali zaidi. Sergei Mavrodi aliendesha mchezo ulioitwa MMM, ukaanguka katikati ya 1994 na akiba za mamilioni ya watu. Akiwa ametoka mahabusu, aligombea ubunge mwaka huohuo, na wakamchagua. Miaka baadaye jina hilohilo la MMM lilivuka bahari likaja Afrika, Nigeria hasa, likapokelewa upya. Albania mwaka 1997 michezo ya namna hiyo ilipoanguka, nchi yenyewe iliingia katika ghasia, maghala ya silaha yakavunjwa, watu wapatao 2,000 wakafa. Na Kenya, kikosi kazi kilichoundwa na serikali kilikuta kwamba wananchi walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za huko. Mataifa haya hayafanani kwa dini, hali ya hewa wala chakula.

Kwa nini mtu amtetee aliyemwibia? Nimelifikiria sana hili. Nadhani anayemtetea tapeli huwa anajitetea mwenyewe. Siku nikikubali kwamba yule ni mwizi, itanilazimu nikubali pia kwamba mimi ndiye niliyemfungulia mlango, nikamkaribisha na mke wangu, nikamwita na shemeji. Ni rahisi zaidi kusema serikali imeharibu.

Nimemtaja shemeji kwa sababu ninaye.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi ninayesimama hapa niliingia kwenye mchezo mmoja. Sitautaja jina wala sitawataja waliouendesha. Niliweka laki mbili. Baada ya wiki sita nikapewa laki tatu taslimu, zimefungwa kwa mpira, na karani mmoja mpole akaniandikia risiti. Sikuuliza laki moja ile imetoka wapi. Nilipofika nyumbani nilizungumza sana jioni ile. Shemeji yangu alikuwepo, ametoka Ifakara kuja kuona mgonjwa, akasikiliza bila kusema neno. Mwezi uliofuata nikapeleka milioni moja na nusu, fedha ya mabati. Nilipokwenda kuvuna nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli na watu wamesimama kwenye vibaraza wasitazamane usoni.

Sikumwambia mtu. Mke wangu nilimwambia bei ya mabati imepanda. Shemeji sikumpigia simu. Naye, bila mimi kujua, alikuwa amerudi kwao akauza magunia yake ya mpunga, akamtuma mtu apeleke fedha mahali nilipopasifia jioni ile. Fedha hiyo ilifika siku tisa baada ya mimi kusimama mbele ya kufuli. Walikuwa bado wanapokea kwenye ofisi nyingine. Siku tisa. Simu moja ya dakika mbili ingeuokoa mpunga wa msimu mzima. Tulikutana misibani na harusini kwa miaka minne, kila mmoja akiwa na siri yake, mpaka siku moja mtoto wake akaropoka mezani.

Ni nini kilichonizuia kuinua simu? Neno moja, mjinga. Mimi ni mwalimu. Nimesimama mbele ya watoto miaka ishirini na nane nikiwafundisha kwamba wajinga ndio waliwao. Ningekuwa nimeliwa, ningekuwa nini?

Sasa, msidhani kwamba lazima awepo mwizi ndipo tuliwe. Kenya mwaka 2013 na 2014 iliwaka moto wa kware. Ilienea habari kwamba mayai ya kware yanatibu kisukari, shinikizo la damu na magonjwa mengine kadha wa kadha. Bei ya yai dogo lile ikapita ya yai la kuku mara kadhaa. Watu wakaacha kuku, wakajenga vibanda, wakanunua mashine za kuangulia, wakafuata vibali kwa shirika la wanyamapori kwa sababu kware huhesabiwa ndege wa porini. Hapakuwa na ofisi ya kufungwa wala mchungaji wa kushtakiwa. Kila mtu aliuza kitu halisi kwa mtu halisi. Lakini mnunuzi mkubwa wa vifaranga vya kware alikuwa mfugaji mpya wa kware. Wafugaji wapya walipokwisha, ikabainika kwamba walaji wa mayai hayo walikuwa wachache tangu mwanzo. Bei ikaanguka, na vibanda vikabaki na ndege wanaokula chakula cha kununua na kutaga mayai yasiyo na wa kuyatazama. Hebu fikirini: ingetosha mtu mmoja kuuliza, nani anakula? Swali la sokoni kabisa, ambalo mama muuza nyanya hujiuliza kila alfajiri kabla hajalipia tenga.

Na kuna watu wanaoliwa bila tamaa hata chembe, nao ndio ninaowaonea huruma zaidi. Wote mnaufahamu ujumbe wa simu usemao ile pesa itume kwenye namba hii. Unapoupata siku ambayo hudaiwi, unacheka na kuufuta. Lakini aliyeutuma hakukutumia wewe peke yako. Ametuma kwa maelfu, na kati ya maelfu yupo mmoja ambaye asubuhi ile ameahidi kumtumia mwenye nyumba kodi, au mtoto ada ya shule. Yeye haoni ujumbe wa mgeni, anaona mtu anamkumbusha deni. Anatuma haraka kwa sababu ni mwaminifu na hapendi kumchelewesha mtu. Huyu kaliwa kwa uaminifu wake. Naye akisimulia kazini kesho yake, atapewa methali ileile.

Tumezoea kumtazama tapeli kama ndiye mwenye akili na aliyetapeliwa kama ndiye asiyenayo. Mimi nasema tapeli anaishi kwa fadhila zetu. Anatumia imani ya jirani kwa jirani, anatumia ahadi zetu na lugha yetu ya shamba na ibada. Juu ya yote anatumia aibu yetu, kwa maana hiyo ndiyo inayomlinda baada ya tendo. Mwizi wa kuku anahitaji giza la usiku. Huyu hana shida na usiku, sisi wenyewe tunamtengenezea giza kwa kunyamaza, na tunaendelea kumfunika mpaka anapohamia mtaa wa pili.

Nina ombi moja, na nalielekeza hasa kwa nyinyi akina mama na akina baba wa vikoba mliokuja na masanduku yenu yenye kufuli tatu. Mkikutana wiki ijayo, kabla hamjafungua sanduku na kuhesabu hisa, tengeni robo saa. Aliyeliwa mwaka huu asimame aseme: niliambiwa maneno haya, nilionyeshwa risiti hii, aliyeniingiza ni mtu wa namna hii, nilipoteza kiasi hiki. Asitaje jina la mtu kama anaogopa ugomvi, lakini maneno aliyoambiwa ayataje yote, kwa sababu mwezi ujao maneno hayohayo atayasikia mwenzake. Na nyinyi mnaosikiliza, msicheke, wala asiwepo wa kumwambia mimi nisingeingia. Newton aliingia.

Shemeji yangu amekaa safu ya tatu upande wa dirisha, na amenipa ruhusa kusimulia habari zake. Mimi nimeshasema yangu. Kipaza sauti nakiacha hapa mezani kikiwa wazi, na ukumbi ni wetu hadi saa mbili usiku. Mwenye lake na aje.